Chura wa Dodoma: Miezi saba ardhini akingoja ngurumo!

UKIZALIWA Nshambya, hapa Bukoba, huwezi kumwonea chura huruma hata siku moja. Chura wa kwetu ni tajiri. Mvua anayo karibu kila mwezi, milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, mabonde yamejaa, migomba inatiririsha maji, na Mto Kanoni ukikasirika unaingia hadi kwenye nyumba za watu. Ikifika saa moja jioni utawasikia wameanza, kama kwaya ambayo mwalimu wake kalewa. Ukitaka kulala, funga dirisha. Ukitaka kuongea na simu, ingia chumba cha ndani.

Sisi watoto wa Nshambya kitu tulichozoea kukingojea ni senene tu. Novemba ikiingia kila mtu macho juu kwenye taa. Lakini chura? Nani amngojee chura? Chura yupo tu, kama jirani asiyehama.

Sasa basi, siku nilipomwona mwenzao kule Dodoma, mkavu kama kiatu cha zamani, kafungwa mwili mzima ndani ya kitu kama ganda la kitunguu, nilitoka nduki. Nasema kweli msomaji wangu. Mtoto wa Kihaya, nshomile mzima, niliacha koleo nikakimbia.

Hebu nianze mwanzo.

'TUTAKUPIGIA'

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kuvumiliana. Mjomba wangu anayeishi Dodoma akampigia mama simu: "Dada, mlete huyo kijana. Serikali yote imehamia huku, kazi haziishi." Mama naye hakulaza damu. Nikapakiwa kwenye basi la alfajiri, Muleba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Manyoni, makalio yakaota sugu, nikafika.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ofisi moja, siitaji. Nilipeleka karatasi zangu mwezi wa tisa. Dada wa mapokezi akaniangalia, akaniangalia tena, akasema, "Sawa, tutakupigia." Basi! Mwezi wa tisa ukaisha, wa kumi ukaisha, wa kumi na moja ukaingia. Simu yangu ilikuwa na chaji saa 24. Hata bafuni nilikwenda nayo.

Na jua la Dodoma, we acha tu. Mji ule unapata mvua milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote zinamwagwa kati ya Desemba na Aprili. Kwetu Bukoba kiasi hicho Aprili na Mei peke yake inaweza kukimaliza. Kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo. Mtu wa ziwani unajikuta unaangalia angani kama unadaiwa.

Mjomba alikuwa ameanza kujenga huko Nzuguni. Kwa kuwa nilikuwa nakula bure na simu haiiti, nikageuzwa kibarua wa msingi. Udongo wa pale mwezi wa kumi na moja siyo udongo, ni kaukau. Sururu inagonga inadunda. Tulikuwa vijana watatu na fundi mmoja mkali.

Siku hiyo mwenzangu mmoja akapiga sururu, bonge la udongo likapasuka, na ndani yake kikatokea kitu. Ukubwa wake kama ngumi mbili. Rangi ya udongo, kimekunjamana, hakina mguu wala kichwa, kimefunikwa utando mkavu unaong'aa kidogo. Akakigusa na ncha ya koleo. Utando ukachanika kidogo pembeni, na ndani likaonekana jicho limefumbwa.

Hapo ndipo nilipokimbia. Na sikuwa peke yangu, fundi alinipita njiani.

USIMDANGANYE!

Jirani kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo, mwenye ng'ombe zake chache, ambaye kila asubuhi alipita kutuchungulia tunavyoteseka. Alikuja akicheka. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu. Mmeona nini, simba?" Akachuchumaa, akakipapasa kile kitu, akasema, "Chura huyu. Kalala."

Mimi nikajifanya mtu wa huruma. Nikasema masikini kakauka, nikachukua dumu la maji ya kujengea nimmwagie. Mzee akanishika mkono. Alishika kweli, si mchezo.

"Usimdanganye! Ukimmwagia maji atajua mvua imekuja. Akiamka leo atakula nini, saruji? Kumbikumbi wako wapi? Mrudishe chini, mfunike, mwache angoje ngurumo yake."

Fundi alitaka tumtupe kwenye kifusi tuendelee na kazi. Mjomba hakuwapo. Tukabishana kidogo, mwisho nikambeba kwenye karai la zege hadi nyuma ya kiwanja, palipokuwa na kibonde, nikachimba shimo la kufika magotini, nikamweka na udongo wake, nikafukia. Lakini lile ganda lilikuwa limeshachanika, na jambo hilo lilininyima raha kuliko nilivyotegemea. Usiku nikajikuta namuwaza chura. Niliyeachiwa mahaba na mabinti wawili bila kukosa usingizi!

Ndipo nikaanza kusoma habari zao, huku na huku, kwenye vitabu na kwenye simu ile ile isiyoita. Nikagundua mzee yule hakusoma popote, lakini alikuwa sahihi kabisa.

SURUALI SABA MWILINI

Chura mkubwa wa nchi kavu za Afrika yuko kwenye jamii ambayo wataalamu wanaiita Pyxicephalus. Mmoja wao ana jina la pili edulis, maana yake "wa kuliwa", kwa hiyo unajua mwenyewe kuna watu wanamfanya kitoweo. Huyu siyo chura wa kuchezea. Dume la ile aina kubwa kabisa, adspersus, linapita sentimita 20 kwa urefu na kilo moja kwa uzito, na kwenye taya la chini lina vichongo vya mfupa kama meno. Anakula wadudu, panya, vifaranga vya ndege, nyoka wadogo, na vyura wenzake bila aibu.

Kuchimba kwake ndiyo burudani. Hachimbi kwa mikono kama fuko. Kwenye miguu ya nyuma ana kinundu kigumu chenye ukingo kama kijembe. Anakaa, anatikisa kiuno kushoto na kulia, udongo unatupwa pembeni, naye anazama kinyumenyume taratibu kama shangazi anayejiweka sawa mkekani. Macho ndiyo ya mwisho kuaga.

Kabla ya hapo amejaza tangi. Chura hanywi maji kwa mdomo kama mimi na wewe, anayafyonza kwa ngozi, hasa ya tumboni. Mengine anayatunza kwenye kibofu. Binadamu kibofu kikijaa anatafuta uchochoro, chura yeye ndiyo akiba yake ya miezi. Maji yanarudi mwilini kidogo kidogo kadiri anavyokauka. Huko Australia kuna chura mwingine anayebeba maji mengi kiasi kwamba wenyeji asilia wa jangwani walikuwa wanamchimba wakati wa kiu, wanambana, wanakunywa. Usikunje uso, kiu haina adabu.

Halafu lile ganda. Chura wa kawaida anajivua ngozi ya juu mara kwa mara na kuila. Huyu akiwa chini, ngozi inajitenga lakini haivui. Inakuja ya pili chini yake, ya tatu, ya nne, zinashikana tabaka juu ya tabaka mpaka anakuwa kama mtu aliyevaa suruali saba. Mwili wote unafungwa, zinabaki tundu za pua tu. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Loveridge na Crayé, walieleza namna chura huyu anavyolitengeneza ganda hilo, na kazi yake ni moja, kuzuia maji yasitoke. Ndani yake moyo unakwenda polepole, pumzi ni ya mkopo, na chakula ni mafuta aliyojiwekea tumboni msimu uliopita. Dodoma anakaa hivyo miezi saba. Mvua zikikataa, anaongeza.

Sasa unaelewa kwa nini lile ganda kuchanika lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimemfungulia bomba.

RADI FEKI

Swali lililonisumbua ni hili: huyu mtu yuko gizani, kavu, masikio yamefunikwa. Anajuaje kwamba leo ndiyo leo?

Ungedhani anangoja unyevu umfikie. Kwenye jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko, kuna chura mdogo anayeitwa Scaphiopus couchii, naye ana sepetu zake miguuni na anakaa ardhini miezi minane hadi kumi. Yeye hajivishi ganda. Ana mtindo wake, anaacha urea ijikusanye mwilini, urea ile ile ya mkojo ambayo mkulima anaijua kwenye mfuko wa mbolea, mpaka damu yake inapata nguvu ya kuvuta unyevu kutoka kwenye udongo. Mwaka 1980 wataalamu Dimmitt na Ruibal walichapisha majibu yaliyoshangaza watu. Kinachomwamsha siyo kulowa. Ni mtikisiko, ule mdundo mzito wa mvua kubwa na ngurumo unaopita ardhini. Waliwatikisia ardhi kwa mota ya umeme, kukiwa kukavu kabisa bila tone la mvua, na vyura wakatoka!

Na kuna kali zaidi. Mwaka 1983 Brattstrom na Bondello wakaandika habari za kelele za pikipiki na vyura hao hao. Walipigiwa sauti ya pikipiki iliyorekodiwa, wakachimbuka, wakatokeza juu wakidhani ni mbingu zimefunguka. Kumbe ni injini. Juu hakuna maji, hakuna wadudu, hakuna mchumba.

Fikiria hilo kisha fikiria bodaboda za mjini kwetu zilizotobolewa ekzosi. Fikiria katapila linalochonga barabara Agosti. Sisemi kwamba kila chura wa Dodoma ameshadanganywa hivyo, lakini ule mkono wa mzee ulionishika na dumu la maji nilianza kuuelewa vizuri.

Maana kutoka nje kabla ya wakati gharama yake si ndogo. Chura wa Sonora anaweza kula kumbikumbi wa kumtosha mwaka mzima kwa mlo mmoja tu mkubwa. Na kumbikumbi nao wanangoja mvua hiyo hiyo. Wote wanaitwa na mwito mmoja, anayeliwa na anayekula. Ukikosea usiku huo, hakuna supu ya kesho.

BABA MLEZI, BABA MLAJI

Mvua ya kweli ikija, mambo yanakwenda haraka. Ganda linalainika, anajinasua, analila. Ndiyo, anakula nguo zake, kitu cha kwanza kabisa. Kisha anakwenda kwenye dimbwi.

Madume yanapigana vibaya mno, yanang'atana, yanarushana hewani, kwa sababu dimbwi ni dogo na siku ni chache. Jike linaweza kutaga mayai 3,000 hadi 4,000. Viluwiluwi vinatoka baada ya siku mbili hivi, na vina kama wiki tatu za kuota miguu kabla jua halijakunywa maji yote. Wale wa Sonora ni balaa, wanaweza kumaliza kwa siku nane tu. Siku nane kutoka samaki mpaka chura! Mimi nilikaa kidato cha pili miaka miwili.

Dume la adspersus halikimbii baada ya ndoa, kama baadhi ya vijana ninaowajua pale kijiweni. Linabaki linalinda watoto. Linarukia ndege, linarukia ng'ombe, linarukia hata mtu. Na dimbwi la watoto likianza kukauka, linafanya kazi ya manispaa: linachimba mfereji kwa miguu ya nyuma hadi kwenye maji makubwa, viluwiluwi vinahama. Hayo yalichapishwa mwaka 1989 na Kok, du Preez na Channing wa Afrika Kusini. Kwa hiyo dada zangu mnaosema wanaume wote wameoza, mmoja huyu hapa. Ila nisiwafiche, akiwa kwenye ulinzi huwa anameza watoto wachache. Hakuna aliyekamilika.

Kuna na mwingine ambaye hachimbi kabisa. Anaitwa Chiromantis, chura wa mitini, yupo kwenye nchi kavu za Tanzania na Kenya. Wakati wa kiangazi anakaa juu ya tawi, juani kabisa, kajikunja, rangi yake imegeuka nyeupe ili jua limrudie. Siri yake ni mkojo. Mwaka 1970 J.P. Loveridge, aliyefanya kazi Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, alieleza kwamba badala ya kupoteza maji huyu anatoa uchafu wake kama ndege, ile nyeupe unayoiona kwenye kinyesi cha kuku. Mvua zikikaribia anatengeneza povu zito juu ya tawi lililoinamia dimbwi, anataga humo, na watoto wanadondoka majini wenyewe.

Na wasomaji wangu wa Bukoba msijione mko mbali. Kamongo wa Ziwa Victoria, yule mnayemkimbia sokoni kwa sababu ya sura, ana kipaji hicho hicho ingawa ni samaki. Kwenye madimbwi yanayokauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika ute unaokauka kama karatasi, anapumua kwa mapafu. Sema wa ziwani hana shida hiyo. Ziwa halijamkimbia.

ALIYESHINDWA KUNGOJA

Nilipofika hapo nikasoma habari za chura mwingine wa Tanzania, na hapo utani ukaniisha kidogo.

Kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 waligundua kichura kidogo cha njano, ambacho hakijaonekana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1999 kikapewa jina, Nectophrynoides asperginis. Hakitagi, kinazaa watoto kabisa. Kiliishi kwenye eneo la hekta chache tu chini ya maporomoko, ambako rasharasha za maji zinalowesha majani usiku na mchana, mwaka mzima. Hakikuwahi kujua kiangazi ni nini. Hakina sepetu, hakina ganda, hakina akiba. Kwa nini kiwe navyo? Mvua yake haikukatika hata siku moja.

Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi. Mtambo wa Kihansi una megawati 180, na nchi ilikuwa inauhitaji kweli, tusijifanye, mgawo wa umeme wa miaka ile wakubwa wetu wanausimulia mpaka leo. Sehemu kubwa ya maji ikapelekwa kwenye mabomba, na rasharasha ikakauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda kufugwa Marekani. Zikafungwa bomba za kunyunyizia maji pale korongoni, idadi ikapanda kidogo, halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu la ngozi ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hakuna tena.

Waliobaki ni wajukuu wa wale wa kwenye ndege, wa Bronx Zoo na Toledo Zoo. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi. Mpaka leo korongo lile linanyunyiziwa maji kwa mabomba.

Nikawalinganisha kichwani, yule wa Dodoma na huyu. Wa Dodoma unaweza kumnyima maji miezi kumi, akakufungia mlango na kulala. Wa Kihansi alinyimwa kidogo tu akaisha. Lakini hata wa Dodoma ana kitu ambacho hawezi kukingojea: akitoka akakuta dimbwi lake limefukiwa, ngurumo ya mwaka kesho haitamchimbia jingine.

SIKU YENYEWE

Ilikuja wiki ya pili ya Desemba, kama saa tisa alasiri. Kwanza upepo, mabati yakalia. Halafu ngurumo, siyo za angani tu, nilizisikia miguuni. Nikasimama pale kwenye msingi, naloa, sina haraka. Mjomba akaniita kutoka kwenye banda, "Mjomba, wewe una akili kweli?" Kwetu mjomba na mpwa mnaitana hivyo hivyo.

Usiku ndiyo wakaanza. Haikuwa kwaya ya Nshambya. Ni sauti nzito, fupi, kama mtu anapuliza mdomo wa mtungi. Nikachukua tochi nikaenda nyuma ya kiwanja kwenye kile kibonde. Maji yalikuwa yamejaa, na pale nilipofukia sikuweza hata kupatambua. Madume nilihesabu tisa. Kama wangu alikuwamo sijui, hawakuwa na majina. Mmoja alikuwa na kovu jepesi mgongoni, lakini chura mwenye kovu kwenye ugomvi ule hata siyo ushahidi.

Sasa kasheshe. Mtaro wetu wa msingi nao ulijaa maji, na asubuhi ya tatu fundi akakuta umejaa viluwiluwi, vyeusi, vimesongamana kama ugoro. Pembeni kakaa mbabe mmoja wa kijani. Fundi akaingiza buti. Mbabe akafungua mdomo wote, akaliruka lile buti, akaling'ata. Fundi, ambaye kesi ya kwanza alishakimbia, akakimbia tena, na safari hii akagoma. Akasema yeye alikubaliana kujenga nyumba, hakukubaliana kupigana.

Mjomba alimaindi ile mbaya. Saruji ilishanunuliwa, mifuko 30. Akasema tuchote maji kwa ndoo tuyamwage barabarani. Mzee wa Kigogo alikuwa amesimama pale na fimbo yake, hakuingilia. Akamwambia tu, "Baba, hizo ni wiki tatu. Mvua hii hata hivyo msingi wako hautakauka kabla ya hapo."

Na kweli, kila tulipochota mvua ilirudisha. Mjomba akakaa kwenye kiti chake, akaanza kungoja. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kuchungulia mtaro mwenyewe, mikono nyuma, kama mkaguzi. Siku ya kumi na moja nilimsikia anampigia mama: "Dada, wameota miguu ya nyuma!" Ukuta ulianza kuinuliwa mwishoni mwa Januari.

Ile ofisi haikupiga. Machi nikarudi Nshambya, nikaanza kuandika andika vitu kama hivi unavyosoma.

Nyumba ya Nzuguni sasa imekwisha, na kile kibonde cha nyuma kimekuwa kiwanja cha mtu. Kilimwagiwa kifusi malori kadhaa, kikashindiliwa, kikazungushiwa ukuta. Mzee alihama na ng'ombe zake. Lakini mjomba ana mazoea aliyobaki nayo. Mvua ya kwanza ikinyesha Dodoma ananipigia usiku, hasemi salamu, anaweka simu dirishani nisikilize.

Mwaka jana alipiga mwishoni mwa Desemba. Hapa kwetu nje kelele ilikuwa ni ile ile ya siku zote, ikabidi nifunge dirisha na kuingia chumba cha ndani. Nikabana simu sikioni. Nilisikia matone kwenye bati, gari likapita, mbwa akabweka. Baadaye nikamsikia mmoja, kutoka upande wa mtaro wa barabara. Akanyamaza. Akaita tena.

"Umemsikia?" mjomba akauliza.

Nikamwambia nimemsikia, asikate kwanza, tungoje kama wa pili atajibu.